Robo ya Mzunguko

Ilikuja ikiburutwa kwa kamba nyuma ya lori la chumvi,
magurudumu matatu, manono kama matikiti,
kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Jefwa Mwaringa akashuka, akaikung'uta mchanga
kama mama anayempangusa mtoto mlangoni pa daktari.

"Inanguruma, haiendi," akasema.
"Kule Gongoni kwenye tope gumu inajikokota.
Ikigusa mchanga wa Mambrui, na magunia matatu tu mgongoni,
injini inapiga kelele za harusi
na magurudumu yamekaa matangani."

Aliachiwa na Mtaliano mmoja wa Casuarina
badala ya mshahara wa miezi minne.
Mshahara wenyewe ungekwisha zamani.
Hii bado inamlisha,
na siku nyingine inamla.

Nikamwaga oili kwenye galoni iliyokatwa.
Nikafungua kava la kulia, bolti nikazipanga juu ya gazeti
kwa zamu zilivyotoka,
maana ndefu ikiingia pa fupi hupasua ganda.
Halafu pleti: ya nyama, ya chuma,
ya nyama, ya chuma.
Nilitegemea weusi, harufu ya nywele zilizoungua.

Nyama ingalipo.
Imeng'aa tu, kama sahani ya wageni.

Nikaichovya oili kidole, nikaisugua kwa gumba.
Laini. Laini mno.
Ndipo jicho likapanda lenyewe mpaka rafuni,
kwenye kopo la buluu lililobaki robo,
oili ya gari dogo, yenye dawa ya kuua msuguano.
Na klachi hii inayoogelea ndani ya oili
haina riziki nyingine ila msuguano.

Ilikuwa Ramadhani, magharibi inakaribia,
mimi na njaa yangu. Nilimwambia Jefwa,
"Oili ni oili."

Sasa nikamtuma msasa, duka la mbali.
Nyevu, mwanagenzi wangu, hakusema kitu.
Alinyoosha mkono akaligeuza kopo,
lebo ikatazama ukuta.

Tukafanya kazi.
Pleti za chuma tukazisugua juu ya kioo cha dirisha bovu
mpaka mng'ao ukafa.
Springi nne tukazisimamisha mezani kama watoto wa chuo:
mmoja mfupi kwa unene wa ukucha. Tukamtia washa chini.
Gasketi tukaikata kwenye katoni ya biskuti,
nyundo ndogo ikigonga ukingo, tik, tik,
mpaka tundu likajitoboa lenyewe.
Zile zenye nyama zikalowa oili mpya, ya haki yake,
tangu adhuhuri hadi alasiri.

Mficha uchi hazai.
Nikaligeuza kopo.

"Jefwa, pleti zako hazina kosa.
Kosa lilikaa kwenye rafu yangu."

Alikuwa akibandua chumvi kwenye kifundo cha mkono.
Akaanza kuhesabu safari alizobeba gunia moja moja,
vidole vya mkono wa kwanza vikaisha,
akafika cha nne cha mkono wa pili,
akaacha.
"Basi nipe chai," akasema. "Na uweke tangawizi."

Daftarini sikuandika bei.

Ikabaki skrubu ndogo ubavuni.
Ikaze mpaka uhisi imegusa, nikamfundisha Nyevu,
usiilazimishe,
kisha irudishe robo ya mzunguko.
Akarudisha nusu.
"Hiyo si robo."
"Nilidhani," akasema, "mzunguko ni mzunguko."
Jefwa akacheka hadi chai ikampalia.

Ikaondoka na magunia mawili ya saruji na sisi wawili juu yake,
kwa majaribio, tukaupanda mchanga nyuma ya Maweni
bila kelele ya ziada.

Lile kopo tunalo bado.
Tumepaka bawaba za mlango wa gereji
na mlango haulii tena.
Siku hizi wateja hunikuta ghafla.